Kivuli cha Mgrivea wa Mama Mdogo

Kazi yangu ni taa. Nakodisha taa na mapambo kwa ajili ya harusi, sendofu na kipaimara, nina chumba Njoro kilichojaa nyaya na stendi na mapazia, na kumbi nyingi za Moshi mjini wananijua kwa sura. Lakini kwetu Kibosho haikuwa ikisemwa hivyo. Baba akiulizwa na watu baada ya misa kwamba yule binti wa mjini anafanya nini, alikuwa akijibu, "Anawasha taa kwenye sherehe za watu," halafu anaanza kuuliza habari za mvua. Mimi niko pale pembeni natabasamu bure. Ungedhani nasimama karibu na swichi nasubiri kuamrishwa.

Haya, nawasha taa. Ila kinachokula siku yangu yote si taa, ni vivuli. Nilipoanza, nikiwa nambebea fundi mmoja stendi zake, niliachiwa nimmulike bibi harusi. Nikachukua balbu ndogo kali, wazi, haina kitu mbele, nikaielekeza usoni. Mama wa bibi harusi alinijia kama mbogo. Pua ya mwanawe ilikuwa imechora mstari mweusi shavuni, mkali, utadhani amepakwa masizi kwa rula. Ukumbi mzima uligeuka kunitazama na nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Fundi hakunikemea. Alichukua shuka jeupe, akalitandaza mbele ya taa, na ule mstari shavuni ukayeyuka. Akaniambia taa ndogo inachora, taa pana inapaka.

Baadaye nilielewa kwa nini, kwa kukaa chini mwenyewe chumbani na kuchezea taa na sufuria. Taa ikiwa ndogo, kila sehemu ya ukuta ama inaiona ama haiioni, hakuna katikati, kwa hiyo ukingo wa kivuli unakuwa mkali. Taa ikiwa pana, kuna sehemu za ukuta zinazoiona nusu, nyingine robo, nyingine kijisehemu tu, kwa sababu sufuria imeziba upande mmoja wa taa na kuacha mwingine. Pale kwenye nusu na robo ndipo kivuli kinapofifia kidogo kidogo mpaka hujui kimeishia wapi. Tena ukisogeza sufuria karibu na ukuta ukingo unajikaza, ukiivuta mbali na ukuta unalegea. Sikusoma mahali popote, niliona kwa macho yangu. Nilijivunia sana hayo macho.

Sasa, mwaka juzi, wakati wa kuvuna kahawa, baba alinipigia simu katikati ya wiki. Baba hapigi simu. Akasalimia haraka haraka, kisha akauliza, "Wewe si unajua mambo ya vivuli?"

Nikakaa kitako juu ya sanduku la nyaya. Tangu nianze kazi hii hakuwahi kuniuliza swali hata moja kuihusu. Nikasema ndiyo baba, ndiyo kazi yangu hasa. Akasema, "Basi Jumapili upande huku. Kuna kikao cha ukoo. Utawaeleza kivuli kinavyoishia." Furaha yangu ilidumu kama muda wa kunywa maji. Akaendelea kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujikunja juu ya lile sanduku la nyaya.

Alitaka mti wa mama mdogo ukatwe.

Niseme mama mdogo ni nani. Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, babu alikigawa kwa wanawe wawili, baba na mdogo wake, na katikati kuna mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ya kijani ambayo kwetu ndiyo mpaka. Baba mdogo alipanda mgrivea upande wake mwaka aliooa. Alipofariki alizikwa chini ya mti huo huo, na mjane wake, huyo mama mdogo, hufagia pale kila asubuhi kabla hajafagia uani kwake. Mama yangu naye alishatangulia. Tangu hapo chakula cha baba kimekuwa kikivuka ule mstari wa masale kutoka jiko la mama mdogo, mchana na jioni, kwenye bakuli lenye mfuniko. Hakuna aliyempangia kufanya hivyo.

Chanja cha baba, yaani ile meza ya wavu anayoanikia kahawa, kiko hatua chache tu upande wetu wa masale. Kivuli cha mgrivea alasiri hutambaa kuelekea huko, na baba alishaweka jiwe chini zamani. Ukingo wa kivuli ukigusa jiwe, anajua ni saa ya kugeuza kahawa mara ya mwisho. Mti ulikuwa saa yake. Sasa alikuwa anasema umekuwa adui, umepanuka, kivuli kimevuka mpaka na kukalia chanja, kahawa haikauki. Alikuwa amemwambia mama mdogo aukate. Mama mdogo alikataa, akasema yuko tayari kupunguza matawi, na akayapunguza. Baba akasema kivuli kimeongezeka. Yaani mtu anakatiwa matawi halafu anadai kivuli kimeongezeka.

Na chakula anakula. Hilo ndilo lililoniua. Dada mmoja jirani aliniambia kwa simu, huku akijaribu kutocheka, "Mzee anamaliza bakuli, anarudisha bakuli, halafu anasimama pale kwenye masale kuusema mti." Nilikata simu nikajifunika uso kwa mikono, na nilikuwa peke yangu chumbani.

Jumapili nilipanda. Nilipitia kwa mama mdogo kwanza kwa sababu njia inapita kwake, na pia kwa sababu sikuwa na namna ya kumkwepa. Alikuwa anachambua maharage mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kukata mti wangu?"

Alisema taratibu tu, hata uso hakuukunja. Nikajibu, "Nimeitwa, mama."

"Ukiitwa lazima uje. Ni vizuri. Kula kwanza."

Akanipakulia machalari, zile ndizi za nyama anazojua tangu nikiwa shule kwamba ndizo zinazonimaliza, na akakaa kunitazama nikila. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, ninaweza kumjibu meneja wa ukumbi mbele ya wageni wake, lakini mbele ya lile bakuli niliinama nikala. Aliniuliza kama napata usingizi wa kutosha mjini. Nikasema napata.

Kikao kilikaa uani kwetu, karibu na chanja. Alikuwepo babu, kaka wa marehemu babu yangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Wazee walikaa kwenye mabenchi na mbege yao, ile pombe ya ndizi, wanawake kwenye mkeka upande wa jikoni, na binamu zangu wakubwa wamesimama nyuma na mikono mifukoni. Mawingu yalikuwa yameshuka kutoka mlimani, kwa hiyo hapakuwa na kivuli cha kitu chochote. Mbingu nzima ikigeuka kuwa taa, mwanga unatoka kila upande, na hakuna sehemu inayofichika. Babu akasema basi tusikilize maneno huku tukisubiri jua.

Baba alisimama. Ni mtu mrefu, na akisimama kuongea anashika mgongo wa kiti. "Kivuli cha mti huu zamani kilikuwa na mwisho," alisema. "Kilikuja na ukingo wake, kinafika kwenye jiwe, ninakiona. Sasa hakina mwisho. Kimetapakaa kote. Asubuhi kipo, mchana kipo. Kahawa yangu naitazama naiona ina unyevu, haing'ai. Mti umeharibika huu."

Babu akamgeukia mama mdogo. Mama mdogo akasema matawi ameyapunguza na kila mtu anaweza kuinua macho akaona. Watu wakainua macho. Mti ulikuwa umenyolewa mpaka unatia huruma. Nikasikia mtu anaguna nyuma yangu.

"Na ukikatwa?" babu akamuuliza.

"Ukikatwa," mama mdogo alisema, "kaburi la mume wangu litakaa juani na mimi nitamfagilia juani. Sitahama. Ila sitamsamehe shemeji, nasema mapema ili isije ikawa siri." Kisha akatazama mkeka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Ndipo baba akanyoosha mkono kuelekea nilipokuwa. "Nimemleta binti yangu," alisema. "Yeye ni mtaalamu wa mwanga. Mjini kote wanamtegemea. Awaeleze."

Mtaalamu wa mwanga. Miaka yote nimeisubiri sentensi hiyo, na imekuja kutolewa siku ambayo alitaka niitumie kumwangushia mjane mti wake. Nilisimama, na wakati nasimama jua nalo likatoka, bila kuharakisha, uani kote kukawa na vivuli.

Niliona kila kitu pale pale. Kivuli cha shina kilikuwa kikali pale linapoingia ardhini. Kadiri kilivyoenda mbali kililegea, na kile cha matawi ya juu kilikuwa kimefifia kabisa, ukingo wake umetanuka karibu shibiri nzima, kisha ukaisha. Uliishia kabla ya jiwe. Chanja kilikuwa juani, chote, na kahawa ilikuwa kavu, nyeupe. Baba alikuwa amekosea, na tofauti haikuwa ndogo ya kubishania.

Nilitafuta namna ya kumwokoa. Nasema kweli, hilo tu ndilo lililokuwa kichwani. Nikaona kuna mlango mmoja: kivuli cha juu ya mti kweli hakina ukingo. Nikiwaonyesha hilo, wataona mzee hakutunga, aliona kitu cha kweli akakielewa vibaya, mti utabaki na yeye uso wake utabaki.

Basi nikaanza. Nikawaambia jua tunaliona kama kitu kidogo lakini si nukta, lina upana, na ndiyo maana linafanya kazi kama taa pana. Nikaweka mkono wangu juu ya kahawa, chini chini, karibu kuigusa. Vidole vikajichora vyote, hata pete ilionekana. Nikauinua mkono taratibu mpaka juu ya kichwa, na vile vidole vikalegea, vikaungana, vikabaki kama kiganja cha ukungu. "Mkono ni ule ule," nikasema, "jua ni lile lile. Umbali tu. Sasa fikirieni tawi lililo kule juu." Nikawapeleka chini ya mgrivea, nikawaonyesha madoa ya mwanga yanayopita katikati ya majani, kwamba mianya ni ya kila namna lakini madoa ni ya mviringo, kwa sababu kila doa ni sura ya jua lenyewe. Watu walisogea. Babu aliinua fimbo yake akawa anaishusha na kuipandisha, anatazama ncha. Wanawake walijaribu kwa vikombe. Hata mama mdogo alinyoosha vidole. Nilikuwa nimesahau nilipo, jamani, nilikuwa nafundisha na watu wananisikiliza.

Nikasema, "Baba, njoo na wewe uweke mkono."

Alikuja. Alikuja polepole, akatafuta ubao wa chanja kwa vidole kwanza, kisha akaweka mkono juu ya kahawa, chini kabisa. Kivuli chake kilikuwa kikali kuliko changu, kidole kwa kidole. "Hapa sasa," nikasema, na nilikuwa natabasamu, "hapa ukingo unauona, si ndiyo?"

Alitazama. Akainama. Akainama zaidi, mpaka pua ikawa karibu na wavu.

"Haupo," alisema. "Hata hapa haupo. Si nimewaambia? Kimefika mpaka huku."

Binamu mmoja alicheka. Alijaribu kukizuia kicheko kikamtokea puani, na hicho ndicho kilichowamaliza wengine. Mmoja akasema kwa sauti kwamba sasa na vidole vya mzee navyo vimeota kwenye mgrivea. Wanawake walificha midomo kwa khanga. Wazee wakatikisa vichwa, wakasema mzee huyu mbishi, akishaweka neno halitoki. Baba alibaki ameinama pale, mkono juu ya kahawa, na mimi niliyemwita nilikuwa nimesimama kando yake.

Nilichosikia mwilini kilikuwa hasira kwanza, halafu aibu, halafu sikuweza kuzitenganisha. Nimemtengenezea mlango na yeye ameupiga teke mbele ya ukoo mzima. Nikasema, "Baba, acha." Nilisema kwa ile sauti ninayowasemeshea vijana wa jukwaa wakichelewa kukunja nyaya.

Akanyanyuka akanigeukia. Alitazama karibu na sikio langu, si usoni. Niliona hivyo na sikulifikiria.

Babu alipiga fimbo chini kicheko kikaisha, sote tukarudi kukaa. Akasema mti utabaki. Akasema ukoo umeona kivuli kinaishia wapi, na kwamba mtu amemsumbua mke wa ndugu yake juu ya kaburi la ndugu yake, na mambo ya namna hiyo kwetu hayamalizwi kwa kunyamaza. "Mpelekee isale," alisema.

Isale ni lile jani la mpakani. Ukimkosea mtu unalichuma, unampelekea kwa mikono miwili, na huhitaji maneno mengi. Aliyepelekewa halikatai. Nimeona watu waliokuwa wakiwindana kwa mapanga wakikaa meza moja kwa sababu ya jani hilo. Kwa mtu kama baba, kulibeba mbele ya waliotoka kumcheka ni adhabu ya kutosha, na nilidhani ataweka ngumu.

Hakuweka. Alishika njia ya kwenda kwenye masale. Alitembea vizuri, hakujikwaa popote, kihamba hicho anakijua kwa miguu. Pale mstarini, katikati ya masale, chipukizi la mgomba lilikuwa limejitokeza, na machipukizi ya mgomba yakiwa machanga majani yake ni membamba, yamesimama wima. Baba akanyoosha mkono. Akapapasa kidogo. Akavunja.

Akarudi ameshika jani la mgomba.

Alilishika mbele yake kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, kama inavyotakiwa. Alipita mbele ya mabenchi. Hakuna aliyecheka. Huyu ni mtu aliyezaliwa migombani, aliyenivuta masikio nilipokuwa mdogo kwa kuchanganya mgomba wa mbege na mgomba wa kupika, na alikuwa amebeba jani la mgomba akidhani ni isale.

Ndipo yote yakaniingia kwa pamoja. Kahawa isiyong'aa. Kivuli kilichopo asubuhi na mchana. Ukingo usiokuwepo hata chini ya vidole vyake mwenyewe. Hakuwa mbishi. Alikuwa anatuambia anachokiona, neno kwa neno, mbele ya mashahidi, na mimi mtaalamu wa mwanga nilikuwa nimemwambia aache. Nilimtazama machoni kwa mara ya kwanza sijui tangu lini. Katikati ya mboni palikuwa na weupe, mwembamba, wa maziwa yaliyotiwa maji.

Nikainuka. Nilitaka nimfikie njiani, nimpokonye, nimpe jani la kweli kabla hajafika. Mama mdogo alinitazama akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana. Nikakaa.

Mama mdogo alisimama, akapiga goti kidogo, akanyoosha mikono yote miwili. "Nimelipokea, shemeji," alisema. "Yameisha."

"Yameisha," baba alisema.

Babu alikohoa, akaagiza mbege izungushwe. Watu walikunywa. Yule binamu aliyecheka kwanza alikuwa anatazama ndani ya kata yake kana kwamba amedondosha kitu humo.

Hospitali ya macho walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na umekomaa. Mganga alinieleza kwamba lenzi ya ndani ya jicho imeingia ukungu, mwanga ukipita unatawanyika. Nilijibu naelewa. Lile shuka jeupe ambalo fundi alitandaza mbele ya taa yangu, baba alikuwa nalo ndani ya jicho, na mimi ninayelipwa kwa kujua kazi ya shuka hilo sikuwa nimeliona. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la wagonjwa mpaka nesi akaja kuniuliza kama nami nina namba.

Walimfanyia jicho moja, kisha la pili. Katikati alikaa kwangu Njoro, katikati ya stendi na mapazia, akipita kwa uangalifu kama mtu aliyeko dukani kwa watu. Bandeji ya pili ilipotoka, aliniomba nimuwashie ile taa ndogo kali. Akaweka mkono karibu na ukuta, akauvuta, akaurudisha. Alifanya hivyo muda mrefu. Mwisho akasema, "Kumbe kazi ina mambo," na kuzima taa mwenyewe, swichi aliiona.

Nilimpandisha nyumbani alasiri ya jua. Kabla hajaingia ndani alienda kwenye chanja, akalitazama jiwe, akatazama kivuli kinavyokuja huku kimelegea matawini, hakijalifikia. Akaguna. Kisha akasema twende tukamsalimie mama mdogo, tumshukuru kwa chakula, maana hata siku za hospitali alikuwa anatuma bakuli kwa gari la mboga.

Alitangulia yeye. Mlangoni akainua mkono kubisha, na mkono ukabaki juu.

Jani lilikuwa limechomekwa pale juu ya fremu ya mlango. Lilikuwa limekauka, rangi ya ugoro, limechanika vipande vipande pembeni namna majani ya mgomba yanavyochanika, na ule uti wake mnene katikati. Isale halina uti wa namna hiyo, wala halichaniki hivyo. Baba aliligusa kwa kidole. Aliufuata uti wote mpaka pale alipolivunja.

Kutoka ndani mama mdogo akaita, "Karibuni, chai ipo."

Baba alinigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ndilo nililoleta?"

"Ndilo, baba."

"Siku ile."

"Ndiyo."

"Nani aliona?"

Mimi nadanganya vizuri. Kazi yangu inataka hivyo, nimewaambia mama wa mabibi harusi mambo mengi kuhusu pua za watoto wao. Lakini sasa alikuwa ananitazama machoni, si sikioni, machoni kabisa, na nilishindwa.

"Wote," nikasema.

Alitazama chini. Halafu akaondoka mlangoni akaenda kwenye mstari wa masale, na safari hii hakupapasa. Alichagua. Aligeuza jani moja, akaliacha, akageuza jingine, akachuma lile lililonyooka kuliko yote, akarudi nalo kwa mikono miwili. Mama mdogo alikuwa ameshatoka, anafuta mikono kwenye khanga. Aliliona jani, akaona na uso wa shemeji yake.

"Hilo tafuta mwingine wa kumpa," alisema. "Mimi langu ninalo." Akaingia ndani kumimina chai.

Baba alibaki amelishika, hajui aliweke wapi. Mwisho akanipa mimi, namna mtu anavyokupa mzigo umshikie. Nililipokea. Lilikuwa la baridi na zito kuliko nilivyodhani. Nikapiga goti pale pale mlangoni, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

"La nini tena hili?" aliuliza.

"La siku ile," nikasema. "Mkono wako ulipokuwa juu ya kahawa."

Hakulikataa, halikataliwi. Alilichukua, akalitazama upande huu na upande huu, ukingo wake wote, mpaka kwenye ncha.

"Nilikuwa naona ukungu tu, mwanangu," alisema. "Nikadhani ni mti."